Sura ya Saba: Upepo wa Bei Nafuu Lowarengak

Barabara ya kwenda Lowarengak, ile inayopita Kataboi na Nariokotome ikifuata ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, ina kila kitu kinachoweza kutoboa tairi. Kuna mawe ya volkano yenye makali, kuna changarawe za laga (mito ya msimu), na kuna mathenge, mti ambao Waturkana wanauita etirae. Ulipandwa sana katika maeneo kame ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Leo umeziba kingo za mito na kuzibana njia za magari. Mwiba wake ni mkorofi. Ukishaingia kwenye mpira huvunjika, ncha ikabaki ndani, na fundi asipopapasa tairi lote kwa vidole kabla ya kurudisha tyubu, mteja atarudi kabla hajafika mbali, safari hii akiwa na hasira.

Kwa hiyo kazi ya panchari haikosi wateja huku, na kijana mwenye mikono mizuri na mtaji mdogo anaweza kula kwa jasho lake. Kinachomkwamisha ni kompresa. Karai la maji, gundi, viraka na vyuma vya kubandulia tairi vinapatikana Lodwar kwa pesa ambazo mtu anaweza kuzichanga. Kompresa ndiyo inayomaliza akiba, na ndiyo ambayo ukikosea kuichagua utalia nayo mwaka mzima. Nimeona vijana wengi wakinunua mashine kwa kuangalia namba moja tu iliyobandikwa ubavuni, namba ya presha, wakiamini kwamba kubwa ndiyo bora. Sura hii imeandikwa ili asiwepo mwingine wa kupoteza pesa zake hivyo.

Presha ni nguvu ya msukumo. Kiasi cha hewa ni jambo jingine kabisa, nalo hupimwa kwa lita kwa dakika. Mashine inaweza kuwa na presha ya kutisha ikitoa hewa kidogo mno, na nyingine ikawa na presha ya kawaida ikimwaga hewa kama mto wa Turkwel wakati wa mvua. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa bunduki ya hewa ukilinganishwa na tairi la lori.

Bunduki za hewa za siku hizi, zile zenye mtungi chini ya mtutu, hujazwa hadi bar 200 au 250. (Bar 1 ni karibu psi 14.5, na mafundi wengi wa tairi hufikiri kwa psi, wakiziita paundi.) Mtungi wenyewe ni mdogo, mara nyingi una ujazo wa robo lita au chini ya hapo. Piga hesabu: sehemu ya tano ya lita, mara bar 250, unapata lita 50 za hewa ya kawaida. Basi. Sasa chukua tairi la lori kubwa. Ndani lina nafasi ya takriban lita 130, nalo linataka bar 7.5, yaani karibu psi 110. Hiyo ni hewa ya kawaida inayokaribia lita 1,000. Lori halihitaji hata sehemu ya thelathini ya presha ya bunduki, lakini linameza hewa mara ishirini.

Zipo kompresa ndogo zinazouzwa kwa ajili ya bunduki hizo, na kwa kuwa zinafanya kazi kwa umeme wa volti 12 na zimeandikwa bar 300, huonekana kama muujiza wa bei nafuu. Nyingi za aina hiyo hutoa lita kumi hivi kwa dakika, na hazitakiwi kukimbia muda mrefu bila kupumzika. Ukiiunga kwenye tairi la lori, unaweza kungoja zaidi ya saa moja na nusu, kama mashine yenyewe itafika. Na ukiiunga kwenye tairi la pikipiki bila kuitazama geji, una kitu mkononi kinachoweza kwenda mbali kupita kiasi ambacho mpira ule unaweza kustahimili.

Nitakaa kidogo kwenye presha hizi kubwa, kwa sababu zinafundisha jambo ambalo hata fundi wa pikipiki anapaswa kulijua: hewa ikibanwa, inachemka. Chukua hewa ya Lowarengak ya nyuzi joto 36 uibane mara moja hadi bar 8 za kwenye geji. Kama joto lote lingebaki ndani, ingefika karibu nyuzi 300. Ibane kwa mkupuo mmoja hadi bar 300, hesabu inakupa zaidi ya nyuzi 1,200, joto ambalo shaba huyeyuka. Hivyo ndivyo injini ya dizeli inavyowasha mafuta yake bila plagi. Ndiyo sababu kompresa za presha kubwa hubana kwa hatua, mbili kwa zile ndogo na tatu au nne kwa zile za maana: pistoni kubwa inaanza, hewa inapozwa kwenye koili, pistoni ndogo inaipokea, inapozwa tena, na kuendelea. Kwenye fukwe za Kenya na Zanzibar, wanaopeleka watalii kupiga mbizi hujaza mitungi ya lita 12 hadi bar 200 kwa mashine za namna hiyo, lita 2,400 za hewa kwa kila mtungi, na huko chujio ni suala la uhai, maana moshi wa injini ukinyonywa na kompresa mzamiaji ataupumua chini ya maji.

Watu walijua kuibana hewa kwa ajili ya silaha zamani sana. Mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya hewa iliyobuniwa na Girandoni, na askari aliijaza kwa pampu ya mkono, akisukuma mara zaidi ya elfu moja kabla mtungi haujajaa. Pampu za mkono bado zipo, sasa zenye hatua tatu, na mwenye bunduki moja asiye na haraka zinamtosha kuliko mashine ya bei rahisi.

Lakini tuseme wazi mahali tulipo. Nchini Kenya bunduki ya hewa si kitu cha kununua dukani ukaondoka nacho; iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayeitaka hupitia kwenye bodi ya leseni za silaha. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977 na marufuku hiyo haijaondolewa. Na Lowarengak iko jirani na Todonyang na mpaka wa Ethiopia, ambako watu wamezikana mara nyingi mno. Mwezi Februari 2025 wavuvi Waturkana walishambuliwa kwenye maji ya huko na familia nyingi bado zinawalilia waliopotea. Mahali kama hapo sina ushauri wa kumpa mtu kuhusu kujaza silaha ya aina yoyote. Wanaozihitaji kwa kazi halali, kama madaktari wa wanyamapori wanaowadunga wanyama dawa ya usingizi kwa bunduki zinazosukumwa na gesi, wana taasisi zinazowanunulia vifaa na kuwafundisha.

Onyo moja tu nitalitoa kabla ya kuondoka hapo, kwa sababu linamhusu pia fundi wa tairi. Mafundi wa kuchomelea Lodwar na Kakuma wana mitungi ya oksijeni yenye presha kubwa, na siku kompresa ikikataa, kuna mtu atakayesema, si tuazime ile? Usithubutu. Oksijeni tupu ikikutana na oili au grisi chini ya presha inaweza kulipuka bila cheche yoyote. Usiitie kwenye tairi, usiitie kwenye bunduki, usipulizie nayo kabureta. Mtungi wa oksijeni una kazi mbili, kuchomelea na kumsaidia mgonjwa kupumua.

Turudi kwenye tairi. Swali la kwanza la kujiuliza ni nani atakayesimama mbele ya kibanda chako, na jibu la Lowarengak silo la Kakuma.

Lowarengak wengi ni watu wa pikipiki. Tairi la nyuma la pikipiki lina ujazo wa lita nane hivi na linataka psi 30 au pungufu kidogo, kwa hiyo linakula hewa isiyofika lita 20. Baada ya hao huja Land Cruiser za abiria, za mashirika na za serikali. Hizo zina tabia yao: dereva mzoefu akikaribia laga yenye mchanga mwingi hupunguza tairi hadi psi 18 hivi ili zitandike, na akifika kwenye ardhi ngumu anataka kurudi 40. Kwa tairi moja hiyo ni lita 80 na kitu, kwa manne kama 330. Kisha kuna malori yanayobeba samaki waliokaushwa kwenda Lodwar na Kakuma, na hapa ndipo wengi hupiga hesabu vibaya. Lori lenye breki za upepo lina kompresa yake na mitungi yake chini ya chesisi, yenye presha inayokaribia bar 8. Dereva mwenye hosi ndefu hujaza tairi zake mwenyewe kutoka kwenye breki. Anachokuja kutafuta kwako ni mikono ya kulibandua tairi, kiraka cha kushika, na mtu anayejua kulirudisha salama. Kununua mashine kubwa kwa ajili ya lori ambalo limekuja na upepo wake ni kutupa mtaji.

Kwa hesabu hiyo, kijana anayeanza Lowarengak simshauri aanze na kompresa ya petroli. Anunue ile ya volti 12 yenye pistoni mbili, ya chuma, inayotoa lita 60 au zaidi kwa dakika kweli, pamoja na betri ya saa-ampea 100 na paneli ya jua ya wati 200. Mashine kama hiyo hunywa ampea 30 hivi. Tairi la pikipiki linajaa kwa nusu dakika, yaani linakula robo tu ya saa-ampea moja. Ukitumia nusu ya betri kwa siku ili isife mapema, kwenye karatasi una tairi 200. Huwezi kupata pikipiki 200 zenye panchari Lowarengak kwa siku moja, na jua la huko litairudisha betri kufikia jioni. Petroli inayofika huko kwa madumu kutoka Lodwar ina bei yake, na kila lita usiyoichoma ni faida yako. Land Cruiser nayo itahudumiwa, ila kwa dakika sita hivi kwa tairi zote nne, na baada yake mashine ipumzike hadi kichwa chake kiguswe kwa mkono bila kuchoma.

Kuna kosa moja linaloua mashine hizi: kuziunga kwa waya mwembamba. Ampea 30 si mchezo. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, volti zinapotea njiani, mota inazunguka kwa shida, inachemka, inaungua, halafu lawama zinaenda kwa mtengenezaji. Bana moja kwa moja kwenye betri, na kama hosi haifiki, refusha hosi, usirefushe waya.

Kakuma ni habari nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, mji umekua ubavuni mwake, makazi ya Kalobeyei yako karibu, na barabara kuu inayotoka Kitale kupitia Lodwar kwenda Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini inapita pale pale. Malori ni mengi, na mengi hayana muda wa kujaza tairi kwa upepo wa breki huku mizigo inangojwa Juba. Hapo ndipo kompresa ya mkanda yenye mtungi wa lita 100 au 200 inajilipa.

Kompresa za pistoni za kawaida ziko za namna mbili. Ipo ambayo mota imeungwa moja kwa moja na pampu, ndogo, yenye mtungi wa lita 24 au 50. Inazunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, inapiga kelele, na inachemka upesi. Ni nzuri kwa fundi wa rangi au wa nyumbani. Ya mkanda ina gurudumu kubwa lenye mapezi yanayopuliza hewa kwenye silinda, inazunguka polepole zaidi, na kwa hiyo inaishi. Penye nyuzi 36 kivulini sioni sababu ya mtu wa biashara kuichukua ile ya kwanza, hata ikiwa bei ni nusu.

Kama uko Lodwar kwenye umeme wa Kenya Power, chukua ya mota ya umeme. Kama unategemea jenereta, simama kwanza. Mota ya farasi wawili inatumia takriban ampea 9 ikiwa imeshika kasi, lakini inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hizo kwa sekunde moja au mbili. Jenereta ndogo ya kVA 2 itapiga magoti. Utahitaji ya kVA 5 hivi, na hapo umeshanunua injini ya petroli ili izungushe jenereta, ili jenereta izungushe mota, ili mota izungushe pampu. Ni afadhali injini ya petroli ya farasi 5.5 iungwe kwa mkanda moja kwa moja kwenye pampu. Usishangae kwamba farasi 5.5 za petroli zinafanya kazi ya mota ya umeme ya farasi watatu. Ndivyo injini ndogo zilivyo, namba yao ni ya siku zikiwa mpya na zikiwa zimekanyagwa hadi mwisho. Muulize muuzaji kama ina valvu ya kuipumzisha pampu mtungi ukijaa, na kebo ya kuteremsha mafuta injini inguruke polepole. Bila hivyo viwili utakuwa unazima na kuwasha kutwa, au unachoma petroli kwa hewa inayotoka bure kwenye valvu ya usalama.

Mtungi mkubwa nao una mipaka yake. Mtungi wa lita 100 ukishuka kutoka bar 8 hadi 6 unakupa lita 200 za hewa. Kwa pikipiki hizo ni tairi kumi bila mashine kuwaka. Kwa tairi la lori ni mwanzo tu, kisha kila kitu kinategemea pampu. Pampu inayotoa lita 250 kwa dakika italimaliza tairi la lita 1,000 kwa dakika nne hivi. Ya lita 120, dakika nane na zaidi. Na presha ya tairi ikikaribia ile ya mtungi, hewa inaingia kwa kusuasua. Mwenye wateja wa psi 110 anahitaji mashine ya bar 10. Ya bar 8 itafika lakini itamchelewesha.

Lita zilizoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji karibu kila mara ni zile ambazo pistoni ingezinyonya kama isingepoteza kitu. Zinazofika kwenye hosi kwa mashine za bei rahisi ni theluthi mbili hivi. Usibishane naye, pima. Fungua koki ya chini mtungi uwe mtupu kabisa, ifunge, washa, na uanze saa ya simu yako. Geji ikifika bar 8, simamisha saa. Zidisha lita za mtungi kwa bar zilizopanda, gawa kwa dakika. Mtungi wa lita 100 uliofika bar 8 kwa dakika tano umepokea lita 160 kila dakika, hata kama karatasi inasema 250. Muuzaji anayekataa kipimo hiki amekwisha kukujibu.

Ukipima Kitale au Eldoret, jua kwamba namba itabadilika kidogo ukishuka bondeni, na kwa mara moja hii mabadiliko yako upande wako. Kitale iko kwenye mita 1,900 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kila pigo la pistoni linanyonya kidogo. Ziwa Turkana liko kwenye mita 360 na kitu. Mashine iliyochukua dakika sita kujaza mtungi Kitale itachukua kama dakika tano Lowarengak. Joto litakudai sehemu ya faida hiyo, maana hewa iliyoingia moto ikipoa ndani ya mtungi geji inateremka, lakini bado utakuwa mbele. Wauzaji wengi wa nyanda za juu hawalijui hili, na nimefurahi kila nilipomweleza kijana wa Turkana kwamba nchi yake inampa kitu ambacho Eldoret hawana.

Kinachochukua zaidi ya hicho inachotoa nchi ni vumbi. Upepo wa kusini-mashariki unaopita kwenye ziwa hupeperusha mchanga mwembamba usioonekana hadi uukute kwenye meno. Kompresa ikiwekwa chini inaunyonya moja kwa moja. Mchanga unakwaruza silinda, unakula ringi, unakaa kwenye vibamba vyembamba vya valvu visifunge sawasawa, na mashine inaanza kuchemka bila kupandisha presha. Iinue juu ya meza ya mbao au ya chuma. Geuza mdomo wa kunyonyea utazame upande usiopigwa na upepo, na kama unaweza, uungie bomba fupi lipande juu ya paa la kibanda. Sponji la chujio lifuliwe kwa maji na sabuni kila juma, likaushwe kabisa kabla ya kurudi. Mapezi ya silinda, kinyume chake, yaelekee upepo, kivulini, na mgongo wa mashine usibanwe ukutani.

Oili ya injini ya gari huwa mkononi na watu huimimina. Ina dawa za kusafisha ambazo kwenye valvu za moto za kompresa huacha masizi magumu. Oili ya kompresa, ile ya namba 100, ndiyo inayofaa kwa joto la huku. Chupa moja inakaa muda mrefu. Sioni sababu ya kubana matumizi hapo.

Kisha kuna maji. Hata nchi kame ina maji hewani, na kando ya ziwa zaidi. Hewa ya nyuzi 36 yenye unyevu wa asilimia 40 hubeba gramu 16 hivi za maji katika kila lita 1,000. Ukibana lita 10,000 kwa siku, karibu kikombe kizima cha maji kimepita kwenye mashine yako, na sehemu kubwa imelala chini ya mtungi ikila chuma kutoka ndani ambako huoni. Fungua koki kila jioni kukiwa bado na upepo kidogo ndani, iteme hadi itoke hewa kavu. Ikianza kutoa maji ya rangi ya kutu, kazi imeshaanza kuharibika huko ndani.

Mtungi ulioliwa na kutu ni kitu cha kuogopwa. Lita 100 kwa bar 8 zina nguvu ya kurusha gari la tani moja juu kuliko paa la nyumba ya kawaida. Usinunue mtungi wa mitumba usio na bamba la mtengenezaji lenye mwaka na presha ya kipimo. Gonga chini yake kwa nyundo ndogo ukiwa mtupu. Penye kutu huitika kwa sauti iliyofifia. Usikubali mtungi uliowekwa kiraka cha kuchomelea, hata fundi awe rafiki yako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mitungi ya hewa ikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa. Njia salama ya kuupima ni kuujaza maji pomoni, usiwe na hewa hata kidogo, kisha kuusukuma hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi: ukipasuka, maji yanavuja tu, hayaruki.

Valvu ya usalama ivutwe kwa kidole mara moja kwa juma ili isigande. Nimeona moja iliyozibwa kwa bolti kwa sababu ilikuwa "inavujavuja." Aliyefanya hivyo alikuwa amekaa futi tatu kutoka kwenye mtungi kutwa nzima, na watoto wakicheza kivulini pale.

Lori lisimame sasa mbele ya kibanda. Dereva anateremka, anapiga teke tairi la nyuma la ndani.

"Fundi, niwekee mia na kumi huyu. Nina haraka."

"Sawa mzee. Lakini nitamfunga nyororo kwanza."

Jibu la huyo fundi ndilo ninalotaka kila kijana alijifunze. Malori mengi ya huku bado yana rimu za vipande, zenye ringi ya chuma inayolishika tairi. Ringi hiyo isipokaa kwenye mfereji wake, kwa sababu ya kutu au mchanga, presha inapopanda inafyatuka kwa nguvu ya kukata kichwa cha mtu, na mafundi wamekufa hivyo katika barabara nyingi za Afrika Mashariki. Safisha mfereji kwa brashi ya waya. Pitisha nyororo nzito mara mbili kuzunguka tairi na rimu, au liingize ndani ya fremu ya vyuma. Tumia klipu inayojishika yenyewe kwenye valvu na hosi ya mita tatu, ili usimame kando, usawa wa mpira na si usawa wa ringi. Jaza hadi psi 10, simamisha, tazama ringi imekaa pande zote, gonga kwa nyundo ya mpira ikibidi, kisha endelea. Dereva mwenye haraka atasubiri. Gharama ya nyororo, klipu na hosi ndefu ihesabiwe kwenye bei ya kompresa tangu siku ya kwanza, kabla hujachagua ukubwa wa mtungi.

Vipuri navyo vihesabiwe. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akutolee rafuni, pale pale, seti ya ringi, gasketi za kichwa, vibamba vya valvu na mkanda wa mashine anayokuuzia. Kama Lodwar hawana, na Kitale hawana, mashine hiyo ikifa imekufa, hata ikiwa imeandikwa jina la Ujerumani. Pampu za mkanda za kawaida zilizonakiliwa na viwanda vingi zina faida hiyo: ringi ya moja mara nyingi huingia kwenye nyingine ya kipenyo hicho hicho. Pima kipenyo cha pistoni, kiandike kwa rangi kwenye mtungi, maana karatasi itapotea. Na unapopakia mashine kwenye lori la kwenda kaskazini, chukua mikanda miwili ya akiba na seti moja ya vibamba, uvifunge kwa plastiki visipate vumbi.

Kwa anayeanza na ile ya volti 12, mkoba ni mdogo zaidi: fyuzi za ampea 40, brashi za mota, klipu moja ya valvu, na geji ya mkono ambayo umeilinganisha na ya fundi mwingine unayemwamini, kwa sababu geji zinazokuja na mashine hizo hudanganya kwa psi tano hadi kumi, na kwa tairi la pikipiki linalotaka 28 hiyo ni tofauti ya mtu kupinduka kwenye changarawe.